Kikulacho ki Nguoni: Historia ya Mjigeuzaji katika Michezo ya Mezani ya Kuvaa Uhusika

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo "Kikulacho ki nguoni mwako" ina jambo la kisarufi ambalo aghalabu hupitwa bila kutazamwa. Mlaji hatajwi jina. Kilichopo ni kiambishi ki-, ambacho kinaweza kusimamia kidudu, kitu, au kiumbe yeyote ambaye msemaji hakutaka kumtaja. Mahali, kwa upande mwingine, pametajwa waziwazi: nguoni mwako. Methali inatoa habari ya mahali alipo adui na kuizuia habari ya utambulisho wake. Mwenye kuambiwa hubaki na ujuzi wa nusu, na nusu hiyo ndiyo inayomkosesha usingizi.

Muundo huu wa habari, yaani kujua kwamba adui yumo ndani bila kujua ni nani, ndio msingi wa aina moja ya hadithi ambayo tangu miaka ya 1970 imejipatia makao katika michezo ya mezani ya kuvaa uhusika. Katika michezo hiyo watu wachache huketi kuzunguka meza. Kila mmoja huchukua nafasi ya mhusika wa kubuni, akasema na kutenda kwa niaba yake. Mmoja wao, mwendesha mchezo, hana mhusika mmoja: yeye husimulia ulimwengu wote, huwasemea wahusika wote waliobaki, na huamua matokeo kwa kufuata kanuni na kurusha dadu. Miongoni mwa visa vinavyopendwa sana mezani, na vinavyoharibika kwa urahisi sana, ni kisa cha mjigeuzaji: kiumbe anayechukua sura ya mtu anayejulikana na kukaa miongoni mwa wenzake kana kwamba ndiye.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya kisa hicho na kukitazama kwa jicho la isimu. Hoja yake ni kwamba historia ya mjigeuzaji mezani ni historia ya kuhama kwa siri. Kwanza siri ilikuwa mikononi mwa mwendesha mchezo. Kisha ikahamia kwa mchezaji. Hatimaye ikawa jambo ambalo kundi zima hulikubali kabla ya mchezo kuanza. Katika kila hatua imedhihirika kwamba mchezo huu humfundisha mtu machache sana kuhusu namna ya kumtambua laghai, na humfundisha mengi kuhusu namna watu wasio na hatia wanavyohukumiana wanapomsaka.

2.0 Mwamuzi mwenye siri

Mchezo wenye siri unahitaji mtu wa kuitunza. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliokusudiwa kuwafunza maofisa wenzake. Makamanda wa pande mbili walimpa mwamuzi amri zao, naye aliweka juu ya ramani vikosi vile tu ambavyo upande wa pili ungeweza kuviona. Mwamuzi huyo ndiye babu wa mwendesha mchezo wa leo. Yeye peke yake alijua yote, na wachezaji waliuona uwanja wa vita kupitia kwake.

Hatua iliyofuata ilipigwa Marekani, katika jimbo la Minnesota. Mwaka 1969 David Wesely aliandaa mchezo uliojulikana kwa jina la Braunstein, ambamo wachezaji kadhaa hawakupewa majeshi ya kuongoza. Walipewa nafasi za watu binafsi katika mji wa kubuni wa Kijerumani, kila mmoja akiwa na lengo lake. Dave Arneson, aliyekuwa mmoja wa wachezaji wa kundi hilo, aliiendeleza fikra hiyo, na kuanzia mwaka 1971 akawa anaendesha michezo iliyotokea katika nchi ya kubuni ya Blackmoor. Mwaka 1974 Arneson na Gary Gygax walichapisha Dungeons & Dragons, kwa chapa ya kwanza ya nakala 1,000. Kuanzia hapo mwamuzi wa Prussia akawa msimulizi, na makamanda wakawa wahusika wenye majina, tamaa na siri.

3.0 Siri mikononi mwa mwendesha mchezo

Mjigeuzaji hakukawia. Mwaka 1975 kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk kilimwingiza katika Dungeons & Dragons kiumbe aliyepewa jina lenye asili ya Kijerumani, doppelganger. Neno hilo lilibuniwa na mwandishi Jean Paul katika riwaya yake Siebenkäs ya mwaka 1796, na hapo mwanzo lilihusu watu wanaojiona wenyewe, kana kwamba kila mmoja ana pacha wa kivuli. Mezani maana yake ilibadilika. Doppelganger akawa jamii ya viumbe wenye uwezo wa kuiga umbo la mtu, kumwondoa mwenye umbo hilo na kuchukua nafasi yake.

Fasihi ya Marekani ilikuwa imekwisha kuandaa njia. Katika hadithi ya Robert E. Howard iitwayo "The Shadow Kingdom", iliyochapishwa mwaka 1929, watu wenye asili ya nyoka huvaa sura za maofisa wa ikulu, na hutambuliwa kwa sababu hawawezi kutamka maneno fulani ya kale: maumbile ya vinywa vyao hayawaruhusu. Miaka tisa baadaye, mwaka 1938, John W. Campbell alichapisha "Who Goes There?", akitumia jina la Don A. Stuart. Katika hadithi hiyo watafiti waliofungiwa na barafu ya Antaktika wanagundua kwamba kiumbe kutoka sayari nyingine anaweza kumwiga yeyote kati yao. Kipimo kinachowaokoa ni cha damu: kila tone la damu ya kiumbe huyo ni kiumbe kamili, nalo hukimbia linapoguswa kwa waya wa moto. Hadithi hiyo ndiyo chanzo cha filamu ya John Carpenter ya mwaka 1982, The Thing, ambayo imewapa waendesha mchezo wengi kielelezo chao. Howard aliweka kipimo katika lugha, Campbell akakiweka katika damu. Tofauti hiyo itarejewa baadaye.

Hata hivyo, kisa kilichofaa kitabuni na kwenye sinema kilizaa tatizo mezani, na tatizo lenyewe ni la kiisimu. Mwendesha mchezo ni macho na masikio ya wachezaji. Akisema, "Hamisi anaingia chumbani," ilhali aliyeingia ni mjigeuzaji, amesema uongo, na wachezaji wakishajua kwamba macho yao yanaweza kuwaongopea hawatakuwa na sababu ya kuamini sentensi yoyote itakayofuata. Akisema, "Anaingia mtu mwenye sura ya Hamisi," amesema kweli lakini ameitoa siri. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alionyesha kwamba wasikilizaji hufasiri kauli wakichukulia kuwa msemaji ametoa habari kwa kiasi kinachohitajika, bila upungufu wala ziada. Ziada inapotokea, msikilizaji huitafutia sababu. Maneno "mwenye sura ya" ni ziada ya namna hiyo.

Waendesha mchezo walipata njia mbili za kutoka katika mtego huo. Ya kwanza ni mazoea: kuwaeleza wahusika wote kwa sura, mavazi na mwendo wao kila wanapoingia, tangu kikao cha kwanza, hata pale ambapo hakuna hila yoyote. Kinachosemwa kila siku hakiwi ziada. Ya pili ni kuacha alama hadharani. Hamisi asiyekula pilipili leo ameomba nyingine; mbwa wake hakumlaki; amekaa mkono wa kulia ilhali siku zote hukaa wa kushoto. Siri inapofichuka, wachezaji hurudi nyuma kwa kumbukumbu na kuziona alama hizo zilivyokuwa mbele yao muda wote. Uongo wa mezani huwa halali pale tu unapoweza kukaguliwa baadaye.

4.0 Siri yahamia kwa mchezaji

Namna nyingine ya kuupunguzia mzigo ulimi wa mwendesha mchezo ni kumpa mchezaji siri yenyewe. Mchezaji huitwa pembeni, au hupewa kipande cha karatasi, akaambiwa kwamba mhusika wake alitekwa usiku, anayeonekana sasa ni mwingine, na yeye ndiye atakayeendelea kumwigiza. Kuanzia hapo maneno ya udanganyifu yanatoka katika kinywa cha mwenzao, si cha msimulizi. Tatizo jipya ni karatasi. Mchezaji mmoja akipewa karatasi, wengine wote wameshajua. Ndiyo maana ikawa desturi kwa baadhi ya waendesha mchezo kumpa kila mmoja karatasi, nyingi zikiwa na habari zisizo na uzito.

Mwaka 1984 mchezo wa Paranoia, uliobuniwa na Greg Costikyan, Dan Gelber na Eric Goldberg, uliifanya hali hiyo kuwa kanuni. Wahusika wanaishi katika mji uliofungwa, unaotawaliwa na kompyuta yenye wasiwasi usiokwisha, nao wametumwa kuwasaka wasaliti. Kila mmoja wao ana uwezo wa kimaumbile uliopigwa marufuku, na kila mmoja ni mwanachama wa chama cha siri. Kwa maneno mengine, wasakaji wote ni wasaliti kwa mujibu wa sheria wanayoitekeleza. Kila mhusika amepewa nakala sita za mwili wake, kwa kuwa wabunifu walijua kwamba vifo vitakuwa vingi. Ni mchezo wa kuchekesha, lakini kicheko chake kinatokana na hoja nzito: panapokuwa na amri ya kumtafuta msaliti na zawadi kwa atakayempata, msaliti atapatikana, awepo asiwepo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, Dimitry Davidoff wa idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, alibuni mchezo wa Mafia. Haukuhitaji ubao wala dadu. Wachezaji wachache wanajuana kwa siri kuwa ndio wahalifu. Waliobaki, ambao ndio wengi, hawajui lolote. Usiku, wote wakiwa wamefumba macho, wahalifu huchagua wa kumwondoa. Mchana wote hujadiliana na kupiga kura ya kumtoa mmoja wanayemshuku. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin aliwageuza wahalifu kuwa watu wanaogeuka mbwa-mwitu usiku, na kwa umbo hilo mchezo ukaenea zaidi. Muundo huohuo ndio uliomo katika Among Us, mchezo wa kompyuta na simu uliotolewa mwaka 2018 na kupata umaarufu mkubwa mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19.

Hesabu ya mchezo wa Mafia inastahili kuangaliwa. Chukua wachezaji 10, wahalifu wakiwa 2. Usiku wa kwanza asiye na hatia mmoja anaondolewa. Wanabaki 9, na wasio na hatia kati yao ni 7. Mchana wa kwanza hakuna ushahidi wowote. Kundi likimchagua mtu kwa kubahatisha, uwezekano wa kumtoa asiye na hatia ni 7 kati ya 9. Lakini kundi halisemi kwamba linabahatisha. Huyu ametuhumiwa kwa kuwa amenyamaza, yule kwa kuwa anasema mno, mwingine kwa kuwa amecheka mahali pasipostahili. Kila tabia ya binadamu inaweza kugeuzwa kuwa ushahidi, na wahalifu, ambao peke yao wanajua ukweli, hawana kazi kubwa kuliko kuikubali tuhuma iliyokwisha kutolewa na wema.

5.0 Msaliti anayeweza kuwa hayupo

Miaka ya 2000 ilileta mageuzi mawili ambayo hayakutangazwa kwa kelele lakini yana uzito. La kwanza lilitokea katika mchezo wa ubaoni wa Shadows over Camelot, uliobuniwa na Serge Laget na Bruno Cathala na kuchapishwa mwaka 2005. Wachezaji hushirikiana kulinda ufalme, na kila mmoja hupewa karata ya siri inayomweleza kama ni mwaminifu au ni msaliti. Karata hizo ni 8, na ya usaliti ni 1 tu. Wachezaji wanne wanapogawiwa karata nne, uwezekano wa msaliti kuwapo ni nusu kwa nusu. Watu wanaweza kushukiana saa nzima ilhali wote ni waaminifu. Aidha, anayemtuhumu mwaminifu hulitia hasara kundi zima. Hapo tuhuma ilipewa bei, na mtuhumu, ambaye katika Mafia huweza kukosea na kuendelea kutuhumu, akalazimishwa kupima maneno yake kabla hayajamtoka.

La pili lilitokea ndani ya Dungeons & Dragons. Katika mazingira ya kubuni ya Eberron, yaliyoandikwa na Keith Baker na kuchapishwa mwaka 2004, kulikuwa na jamii ya watu wenye uwezo wa kubadili sura, walioelezwa kuwa ni wazawa wa doppelganger, na mchezaji aliruhusiwa kumchagua mmoja wao awe mhusika wake. Kiumbe aliyeingia mchezoni mwaka 1975 kama tishio alipata, baada ya miaka 29, nafasi ya kujieleza mwenyewe. Mchezaji anayemwigiza mhusika wa namna hiyo hukabiliwa na maswali ambayo wasakaji hawajiulizi: ni lini kubadili sura ni uongo, na ni lini ni kujihifadhi? Mtu aliyezaliwa bila sura moja ana wajibu gani kwa wanaodai kuiona sura yake ya kweli?

6.0 Fanani, hadhira na zimwi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili ana haki ya kuuliza kama kuna jipya katika haya yote. Ngano za Afrika Mashariki zina mjigeuzaji wake wa siku nyingi. Binti aliyewakataa wachumba wote wa kijijini anaolewa na kijana mzuri asiyejulikana kwao, na kijana huyo ni zimwi, au fisi, au jini aliyejivika umbo la mtu. Ufanani wa kisa ni dhahiri. Tofauti iko katika mgawanyo wa ujuzi.

Fanani anapoanza kwa "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", kundi zima linaingia katika mkataba. Kisha, katika ngano nyingi za aina hii, hadhira huelezwa mapema kwamba mchumba si mtu. Asiyejua ni binti peke yake. Watoto wanaosikiliza hutetemeka kwa niaba yake kwa sababu wanajua asichokijua, na mafunzo ya ngano yanatokana na pengo hilo. Mezani, hadhira imeondolewa kwenye mkeka wa wasikilizaji na kuwekwa katika nafasi ya binti. Haioni hatari ya mtu mwingine. Imo ndani yake. Ndiyo maana kisa ambacho ngano imekisimulia kwa karne nyingi bila ugomvi kinaweza kuvunja urafiki kinapochezwa. Hadhira ya ngano haidanganywi kamwe na fanani. Wachezaji wanadanganywa, na wanadanganywa na watu wanaowafahamu.

7.0 Ngeli kama pazia

Mtego wa mwendesha mchezo uliotajwa katika sehemu ya tatu umeelezwa kwa sentensi za Kiswahili, lakini michezo hii ilizaliwa katika Kiingereza, na katika lugha hiyo mtego ni mkali zaidi. Sentensi ya taarifa ya Kiingereza kwa kawaida hudai kiima kilichotajwa, na kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja humlazimisha msemaji kuamua kama anayemtaja ni mwanamume, mwanamke au kitu. Sarufi ya Kiswahili haidai hivyo. Kiambishi a- humsimamia mtu, fisi na jini bila ubaguzi, wa kike kwa wa kiume, na kiima chenyewe kinaweza kuachwa. Msimulizi anaweza kusema: "Mlango unafunguliwa. Anaingia, anavua kofia, anakaa pale Hamisi anapokaa siku zote." Hakuna neno la uongo katika kauli hiyo. Jina la Hamisi limetajwa, lakini halikutajwa kuwa ni la aliyeingia. Wasikilizaji ndio waliokamilisha sentensi, na watakaporudi kuikagua watakuta kwamba hitimisho lilikuwa lao.

Sarufi hiyohiyo inaweza pia kutumika kufichua. Nomino "zimwi" humpa msemaji hiari: "zimwi alikuja" kwa upatanisho wa viumbe hai, au "zimwi lilikuja" kwa upatanisho wa ngeli ya LI-YA. Methali "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" imechagua li-, na kiambishi hicho kina uzito wa ukubwa na utisho ambao a- hana. Msimulizi aliyekuwa akisema "anacheka" na ghafla akasema "linacheka" amembadilisha kiumbe kwa silabi moja, bila kuhitaji maelezo ya meno wala kucha.

Mnyambuliko wa vitenzi nao una la kusema. Aliyegeuzwa ametendwa, aliyejigeuza ametenda mwenyewe, na kiambishi -ji- ndicho kinachobeba kusudi lake, aliyegeuka hajulikani kama alitaka au hakutaka. Mwendesha mchezo anayechagua kati ya maumbo hayo matatu anachagua pia hukumu ambayo wachezaji wataitoa, kwani wa kwanza atastahili kuokolewa, wa pili kukamatwa, na wa tatu kuulizwa. Neno "kigeugeu", ambalo Kiswahili humpa mtu asiye na msimamo, linaonyesha jinsi lugha ilivyo nyepesi kuchukulia mabadiliko kuwa kasoro ya tabia.

8.0 Lugha kama kipimo

Kipimo cha Howard, yaani neno ambalo adui hawezi kulitamka, kina historia ndefu kuliko michezo yote. Katika sura ya 12 ya Kitabu cha Waamuzi, watu wa Gileadi wanaviteka vivuko vya mto Yordani na kumtaka kila anayevuka atamke neno Shibolethi. Waefraimu hulitamka kwa s, na kwa tofauti hiyo ya sauti moja wanatambuliwa na kuuawa. Kitabu kinataja watu 42,000. Hakuna aliyekuwa kiumbe wa ajabu miongoni mwao. Walikuwa jamaa wa wauaji wao, wenye lahaja nyingine.

Waendesha mchezo wanaoweka alama za mjigeuzaji katika usemi wake wanapaswa kuukumbuka mto huo. Katika mazingira ya Kiswahili alama hizo ni rahisi kuzibuni. Mjigeuzaji anaweza kumwamkia kijana "Shikamoo" kwa kutojua nani ni mkubwa. Anaweza kumtania asiye mtani wake. Au mzaliwa wa Mombasa aliyezoea kusema "ndia" akaanza kusema "njia". Mbili za kwanza ni alama za ujuzi wa uhusiano, nazo zina nguvu kwa kuwa uhusiano hujifunzwa kwa kuishi. Ya tatu ni dhaifu sana. Wasemaji hubadili lahaja kila siku kufuatana na msikilizaji, mahali na shughuli, na anayetofautisha r na l leo anaweza kuzichanganya kesho akiwa nyumbani kwao. Mchezo unaoifanya lafudhi kuwa ushahidi wa kutosha unamfundisha mchezaji kosa ambalo isimujamii imefanya kazi ya miongo mingi kulisahihisha.

Si jambo la nadharia tupu. Mwaka 1995 Zanzibar ilikumbwa na hofu ya popobawa, kiumbe anayesemekana kuja usiku na kuweza kubadili umbo. Katika hofu hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na watu waliomdhania kuwa ndiye. Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania bara, wanawake wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya kupikia moshini, yakachukuliwa kuwa alama. Matukio hayo hayakutokana na michezo, wala michezo haikutokana nayo. Lakini mwendo wa fikra ni mmoja: imani kwamba adui yumo ndani, alama inayoweza kumwangukia yeyote, na kundi lenye haraka. Mezani, aliyehukumiwa kwa makosa hurudi kwenye kiti chake na kuwacheka wenzake. Nje ya meza harudi.

9.0 Idhini

Mwaka 1938, mwaka uleule wa hadithi ya Campbell, mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga alichapisha Homo Ludens, kitabu kinachotofautisha mdanganyifu wa mchezo na mvunja mchezo. Mdanganyifu hujifanya kuziheshimu kanuni, hivyo bado anaukubali mchezo. Mvunja mchezo huubomoa ulimwengu wenyewe. Mchezaji wa mjigeuzaji si yeyote kati ya hao wawili. Anadanganya kwa kutii kanuni. Lakini hilo ni kweli iwapo tu wenzake walikubali kwamba kanuni hiyo ipo.

Hapa ndipo siri ilipohamia mara ya tatu. Mwaka 2003 Ron Edwards alieleza desturi ya kundi kukubaliana mapema juu ya mambo yasiyoingia mezani kabisa na yale yatakayotajwa bila kuonyeshwa. Miaka ya 2010 John Stavropoulos alieneza matumizi ya kadi yenye alama ya X, ambayo mchezaji yeyote akiigusa jambo linaloendelea huondolewa bila yeye kudaiwa maelezo. Kufikia mwaka 2020, kitabu rasmi cha Dungeons & Dragons, Tasha's Cauldron of Everything, kilikuwa na sehemu kuhusu kikao cha makubaliano kabla ya mchezo wenyewe.

Pingamizi la kawaida ni kwamba kisa cha mjigeuzaji hufa kikitangazwa. Shadows over Camelot imekwisha kulijibu. Kinachotangazwa ni uwezekano, si tukio. Mwendesha mchezo husema kwamba katika kisa kitakachofuata huenda mmoja wa wahusika asiwe yule anayeonekana, na kuuliza kama kuna mchezaji asiyetaka mhusika wake aguswe. Kundi linaridhia aina ya udanganyifu bila kujua saa wala mtu. Makubaliano mengine mawili huhitajika: kwamba mhusika aliyetekwa atakuwa na njia ya kurudi, na kwamba tuhuma ya uongo itakuwa na gharama ndani ya hadithi, ili wachezaji wawe na sababu ya kusubiri ushahidi. Bila la kwanza, mchezaji amenyang'anywa mali yake. Bila la pili, kisa kinakuwa mafunzo ya kushuku.

10.0 Hitimisho

Mwamuzi wa Prussia aliwaficha wachezaji vikosi vya adui, na kila mmoja alijua kwamba vimefichwa. Mjigeuzaji wa 1975 aliingia bila taarifa, Paranoia na Mafia zikamkabidhi kila mtu siri na silaha, na Shadows over Camelot ikarudisha shaka kuhusu kuwapo kwa siri yenyewe. Safari hiyo imelirejesha kundi karibu na mahali ambapo fanani wa ngano alikuwapo tangu awali: mkataba unaotamkwa kwa sauti, na kila mtu akaujibu.

Kwa wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili, eneo hili lina kazi inayosubiri. Namna upatanisho wa kisarufi unavyoweza kuficha na kufichua utambulisho katika usimulizi wa papo kwa papo inastahili kuchunguzwa kwa data za mazungumzo halisi, si kwa mifano ya kubuni peke yake. Istilahi za michezo hii nazo zinahitaji kuundwa kwa uangalifu, kwa maana neno litakaloteuliwa kumtaja mjigeuzaji litabeba hukumu juu yake kabla hajafanya lolote. Lugha yenye kiambishi kinachoweza kumsimamia mtu na jini kwa usawa inawapa wasemaji wake nafasi adimu ya kusema "anaingia" na kusubiri kidogo kabla ya kuamua ni nani.